Jiwe la Manono na Usiku wa Bendera



Mwezi uliopita, sokoni Bendera, muuza mizizi alikuwa akitangaza: "Dawa ya hospitali ni sumu! Mzizi ni asili, hauna madhara!" Mbele yake alisimama mama aliyemshika mkono kijana wake, macho yamewaka, hajalala siku nne. Mhadhara huu ni jibu langu kwa muuzaji yule.

Ugonjwa wenyewe, baipola, sitaueleza sana, mnaujua. Mtu hupandishwa na mania, yaani furaha au hasira isiyo na breki, kisha huporomoshwa na sonona. Ninalogombana nalo ni neno "asili".

Tuanze na mizizi, maana siidharau. Misitu yetu ina mti uitwao Rauvolfia vomitoria, ambao waganga huutumia kumtuliza mwenye wazimu. Hawakukosea. Ndani yake mna reserpini, iliyotengwa maabarani mwaka 1952, na hospitali za Ulaya na Marekani ziliwapa wagonjwa wa akili dawa hiyo. Lakini reserpini hushusha presha, na imehusishwa na sonona. Ukimpa anayeanza kuporomoka, je, asili itamdaka?

Sasa hiyo "sumu" ya hospitali. Lithiamu iligunduliwa mwaka 1817 na Msweden, Arfwedson, na jina lake latokana na neno la Kigiriki la jiwe. Jiwe hilo limejaa Manono, mkoani mwetu. Dunia inalitaka kwa betri. Mimi nalitaka kwa makala moja ya mwaka 1949.

Niruhusuni nikae hapo kidogo. Mwandishi ni John Cade, daktari wa Australia aliyekuwa mfungwa wa vita kule Changi, Singapore. Alimeza chumvi ya lithiamu mwenyewe kwanza, ndipo akawapa wagonjwa kumi wenye mania. Wa kwanza alikuwa na miaka 51, na kwa miaka mitano hakutulia. Baada ya miezi michache akarudi nyumbani na kazini. Akaacha dawa, akarudi wodini. Mwaka 1950 lithiamu ileile ikamuua. Kisa hicho nakisomesha kila mwaka, kwa sababu mgonjwa mmoja anatufundisha mambo mawili: chumvi ya ardhini huponya, na chumvi ya ardhini isiyopimwa huua. Kipimo cha kawaida ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita ya damu, ikipita 1.5, hatari imefika. Na hapa Kalemie, kipindupindu kikimkausha mgonjwa maji, lithiamu hupanda damuni. Pasipo maabara, daktari achague dawa nyingine.

Basi, hakuna cha asili? Kipo, nami nitakitetea hadi kaburini: usiku.

Baba yangu alifanya kazi sentrali ya umeme ya Bendera. Bibi alipofariki, yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alipiga ngoma matangani usiku tatu mfululizo. Alfajiri ya nne alikuwa akigawa mbuzi wa Baba kwa wapita njia. Miaka mingi baadaye nilihesabu: karibu kila alipopanda, kulitangulia kilio, au mkesha wa maombi.

Wenzangu watasema kukosa usingizi ni dalili, si chanzo. Nakubali huwa dalili. Lakini mwaka 1998 Wehr na wenzake walimlaza mgonjwa mmoja gizani saa nyingi kila usiku, akatulia. Mwaka 2016, Norwei, wenye mania waliovaa jioni miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, huku wakiendelea na dawa zao, walitulia ndani ya wiki. Walikuwa 23 tu, pamoja na waliovaa miwani ya kawaida. Ushahidi ni mdogo, najua. Imani yangu haijapungua.

Kwa hiyo ndugu yenu mwenye baipola aje matangani, alie nasi. Ikifika saa tatu usiku, mtu amsindikize nyumbani, ameze kidonge chake, taa izimwe. Marehemu hatakasirika.

Yule mama nilimwambia hivyohivyo: "Asubuhi mapema, kituo cha afya. Usiku huu, zima taa." Muuza mizizi alinicheka. Mama aliuliza kituo kinafunguliwa saa ngapi.