Kulainisha Maji ya Kisima Nyumbani: Kipimo Kwanza, Mtambo Baadaye

Mada kwa semina ya mafundi bomba na wenye nyumba wa ukanda wa pwani



Visima vingi vya Unguja na Mombasa vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji ya mvua yakipenya humo huyeyusha chokaa, na chokaa hiyo tunaifungulia bombani: sabuni haitoi povu, matundu ya bomba la mvua bafuni yanaziba, birika linashika tabaka jeupe, hita inaungua kabla ya wakati wake. Huo ndio ugumu wa maji, na mtambo wa kulainisha umetengenezwa kwa ajili ya huo tu.

Nasema "tu" kwa sababu madukani unauzwa kama dawa ya kila kitu. Ndani ya mtungi mna rezini, chembe ndogo kuliko punje za mtama, zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, chembe hushika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Kwa hiyo kisima kilichoingiliwa na maji ya bahari hakiponi hapa. Sodiamu yake inazidi. Vijidudu vya choo cha jirani navyo hupita bila shida. Wenzetu wa Arusha wenye tatizo la floraidi wasihangaike nao kabisa: haugusi floraidi, na maji ya aina hiyo aghalabu ni laini tayari.

Ndiyo maana sampuli itangulie maabara: ugumu, chumvi, chuma na vijidudu. Ugumu ukizidi miligramu 180 kwa lita, maji ni magumu sana. Chuma kikizidi miligramu 0.3, kitaacha madoa kwenye nguo na masinki, na polepole kitachafua rezini, kiondolewe kabla.

Tupige hesabu. Nyumba inatumia lita 600 kwa siku, ugumu ni miligramu 350. Rezini itatakiwa kushika gramu 210 kila siku. Kwa makadirio ya gramu 50 kwa lita moja ya rezini, mtungi wenye lita 25 utachoka baada ya siku sita hivi, kisha uoshwe kwa takriban kilo tatu za chumvi ili rezini irudishiwe sodiamu. Mteja asipoambiwa gharama hiyo mapema, mtambo utageuka pambo la uani.

Kwenye ufungaji, kosa kubwa ni la presha. Tangi lililo juu mita tano linatoa nusu baa tu, wakati vali nyingi za kujiendesha zinataka baa moja na nusu hadi mbili. Basi weka pampu ya kuongeza presha baada ya tangi. Maji yapite kwanza kwenye kichujio cha mchanga na tope, kisha cha mkaa kama kisima kinatiwa klorini, kwani klorini inakula rezini, ndipo yaingie mtungini. Acha njia ya pembeni yenye koki, ili mtambo ukiharibika nyumba isikose maji. Bomba la jikoni la kunywa lisilainishwe: kwa ugumu wa mfano wetu, kila lita huongezewa karibu miligramu 160 za sodiamu, na mwenye presha ya damu hazihitaji.

Matunzo si mengi, ila hayasameheki. Tumia chumvi safi ya chenga. Ile yenye udongo hujaza tope chini ya tangi la chumvi. Kwenye unyevu wetu wa pwani chumvi hushikana juu ikaacha uwazi chini yake. Mwenye nyumba anafunua, anaona tangi limejaa, kumbe hakuna kinachoyeyuka. Chomeka mpini wa ufagio taratibu mpaka uguse chini. Kichujio cha tope kibadilishwe maji yakianza kupungua nguvu, si mpaka yakatike. Baada ya umeme kukatika, angalia saa ya vali. Isiyo na betri hupoteza majira, ikaanza kuosha rezini watu wakiwa bafuni. Maji machafu ya kuoshea yasimwagwe bustanini wala karibu na kisima: yanaua migomba na kurudisha chumvi ardhini.

Kila mwezi tia maji yaliyolainishwa kwenye chupa, dondoshea sabuni halisi ya maji (si ditajenti), tikisa. Povu likigoma, kagua chumvi kabla ya kumwita fundi. Nanyi mafundi, nawaomba: msikubali kufunga mtambo kwa mteja asiye na karatasi ya maabara mkononi.