Kuanza urubani ukiwa na umri

 

Tangu mgodi wa Buzwagi pale Kahama usimamishe uzalishaji mwaka 2021, wengi mnaniuliza: mtu wa miaka 38, mwenye mke na watoto, anaweza kuanza urubani? Mimi nilianza nikiwa na miaka 37, nikitoka kuendesha lori la mgodi. Jibu ni ndiyo, ila kiinua mgongo usikiguse kwanza.

Anza kwa daktari. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wanapima macho, masikio, moyo, presha. Sisi tuliokaa miaka mingi kwenye mitambo, masikio ndiyo ya kuyahofia. Vipimo hivyo ni gharama ndogo ukilinganisha na ada. Namjua mtu aliyeuza kiwanja na ng'ombe, akalipa ada, ndipo akaambiwa hasikii vizuri.

Umri si tatizo kubwa. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kurusha abiria hadi miaka 65 mkiwa marubani wawili, 60 ukiwa peke yako. Kinachokula miaka ni saa za angani. Leseni ya biashara inataka saa 200, au 150 ukisoma kozi kamili kwenye chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya kuwa nahodha wa ndege kubwa inataka saa 1,500. Hizo za katikati utazitafuta kwenye ndege ndogo, pengine kwa mshahara chini ya ule wa mgodini. Mama watoto ajue mapema! Wangu aliuza vitenge miaka mitatu, ndivyo tulivyokula.

Zamani Watanzania walikwenda Soroti, Uganda; siku hizi wengi huenda Nairobi au Afrika Kusini. Popote uendako, utakutana na fizikia. Hapo ndipo niliteseka, maana shuleni kwetu maabara ilikuwa stoo ya majembe. Nikajifunza ukubwani, usiku, mambo ambayo wenzangu wa miaka 19 walikuja nayo.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, wanaoomba chama kimlipie rubani mmoja, siwaungi mkono. Fedha hiyo ijenge maabara. Kadi za ahadi ziko kwa mhazini. Yangu iandikeni mifuko 50 ya saruji.