Wageni Wengi, Kazi za Nani?

Tusimame Lusahunga, kwenye barabara ya malori ya kwenda Rusumo. Wakimbizi wa Burundi na Rwanda walipofurika Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, 1993 na 1994, mzigo haukugawanywa sawa ndani ya nyumba za wenyeji. Wanauchumi wa Oxford, Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva, walipopitia takwimu za kaya za Kagera, walikuta wanawake wakisukumwa zaidi kwenye kazi za nyumbani na mbali na ajira za nje kuliko wanaume. Ila wanawake waliojua kufanya hesabu nyepesi kwa maandishi walielekea kuacha jembe na kupata ajira. Kujumlisha na kutoa tu, jamani! Basi bajeti ya misaada, pamoja na mahindi na mahema, ingetenga fungu la kisomo cha akina mama wenyeji.