Kugawanywa kwa Mbinga na Kuzaliwa kwa Nyasa: Je, Kujitawala Kumemlipa Mwananchi?

Mada kwa semina ya madiwani, watendaji wa kata na viongozi wa vyama vya ushirika wa Mbinga na Nyasa

1.0 Utangulizi

Nimepewa swali moja la kujibu. Je, mwananchi wa mwambao wa Ziwa Nyasa amenufaika kiuchumi kwa kuwa na wilaya yake? Nitakayoyasema ni maoni yangu kama mtumishi wa siku nyingi wa ushirika. Si msimamo wa ofisi yoyote, wala hayahoji uamuzi halali wa Serikali. Lakini nimeombwa kusema ukweli, na nitausema.

2.0 Maana ya maneno

Hapa nitapita haraka, maana hakuna mgeni wa mambo haya ukumbini. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Ibara za 145 na 146 za Katiba zinaeleza kuwapo kwake na madhumuni yake, yaani kupeleka madaraka kwa wananchi. Mapato ya ndani ni yale ambayo halmashauri hukusanya yenyewe: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni, ada za masoko na minada. Ruzuku ni fedha inayotoka Serikali Kuu. Halmashauri inayoishi kwa ruzuku ina madaraka kwenye karatasi, lakini maamuzi yake makubwa hufanyika kwingine.

3.0 Tulikotoka na tulipo

Mbinga yenyewe ilimegwa kutoka Songea. Mwaka 2012 Serikali ilitangaza wilaya mpya 19, na Nyasa ikawa mojawapo, makao makuu yakiwa Mbamba Bay. Sensa ya mwaka huo iliikuta Nyasa na watu 146,160, na Mbinga iliyobaki na watu 353,683. Leo Mbinga ya zamani ina halmashauri tatu: Wilaya ya Mbinga, Mji wa Mbinga na Nyasa.

Katika mgawanyo huo sehemu kubwa ya kahawa ya Umatengo, milima ya Wamatengo, ilibaki Mbinga, pamoja na kiwanda cha kukoboa. Makaa ya mawe ya Ngaka nayo yalibaki Mbinga. Nyasa ilipata ziwa, usipa na samaki wengine, mihogo, mpunga wa mabondeni, na kata chache za milimani zenye kahawa kama Tingi, Mpepo na Luhangarasi.

Faida zipo, na asiyeziona hataki kuziona. Mwananchi wa Lituhi, Liuli au Chiwindi hapandi tena milima hadi Mbinga kufuata saini ya Mkurugenzi au kibali cha ofisi ya ardhi. Watumishi, ofisi na nyumba za kupanga vimeleta fedha Mbamba Bay. Hata hivyo tusihesabu kila kizuri kuwa ni tunda la mgawanyo. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilijengwa na Serikali Kuu kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikiwa sehemu ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara. Bandari ya Mbamba Bay ni ya Mamlaka ya Bandari. Meli ya MV Mbeya II nayo haikununuliwa na halmashauri. Vitu hivyo vingeweza kuja hata kama Nyasa ingebaki tarafa za Mbinga.

Kwa hiyo swali linabaki: kipi ambacho Nyasa inakipata kwa mkono wake yenyewe? Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonileta.

4.0 Magoma: mahali kujitawala kunapovuja

Ndugu Mwenyekiti, naomba nivumiliwe nikae hapa kwa muda.

Kila mtu ukumbini anaijua magoma. Kahawa imechanua lakini bado haijaiva, mvua zinaendelea, ghala la mahindi linapungua, na kati ya Januari na Machi mkulima anahitaji fedha. Ada ya shule za Serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, daftari na nauli ya mwanafunzi wa bweni havikuondolewa. Mbolea inahitajika, na mgonjwa hangoji msimu. Anakuja mtu mwenye fedha mkononi, mara nyingi jirani, anampa mkulima fedha leo na kuandika kilo za kahawa atakazochukua wakati wa mavuno. Bei inapangwa na mwenye fedha.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima anachukua shilingi 100,000 mwezi Februari kwa bei ya shilingi 2,000 kwa kilo. Anadaiwa kilo 50. Msimu ukifika, tuseme bei ya mnada inamfikishia mkulima shilingi 5,000 kwa kilo. Kilo zile 50 zingempa 250,000. Amelipa shilingi 150,000 kwa kukopa 100,000 kwa miezi michache. Hakuna benki nchini inayothubutu kutangaza riba ya namna hiyo, ila kijijini inaitwa msaada.

Huo ndio upande tunaousema kila mwaka. Upande tusiousema ni wa halmashauri. Mwenye magoma hapeleki kahawa kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya mkulima aliyemkopesha. Anaipeleka kwenye AMCOS aliyojiandikisha yeye, na mara nyingi hiyo iko Mbinga, karibu na nyumba yake na kiwanda. Kahawa iliyochumwa Tingi inaingia kwenye vitabu vya chama cha ng'ambo ya mpaka. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3. Kwa mfano wetu hiyo ni shilingi 7,500, nayo inaandikwa kwa halmashauri ambayo haikutoa ardhi, haikutoa bwana shamba wala haikutengeneza barabara ya shambani.

Endelea nami hatua moja zaidi. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ndiyo fedha pekee isiyo na riba ambayo halmashauri inaweza kuifikisha kijijini. Ushuru ukivuja, asilimia 10 inakuwa ndogo. Ikiwa ndogo, mama wa Mpepo anakosa mkopo. Akikosa mkopo, mwezi Februari anakwenda kwa mwenye magoma, na kahawa yake inavuka tena mpaka. Mwaka unaofuata halmashauri inaanza ikiwa dhaifu zaidi. Huo ni mduara, na nimeutazama ukizunguka msimu baada ya msimu.

Mwambaoni hadithi ni hiyohiyo, jina tu halipo. Mvuvi wa mtumbwi anapewa nyavu na taa na mchuuzi, na usipa wake una mwenyewe kabla haujaanikwa. Bei anapangiwa kwa ndoo, usiku, ufukweni, mahali ambapo hakuna mzani wala mkusanya ushuru.

Nimeandika taarifa kuhusu jambo hili, na nimekaa katika vikao vilivyolijadili. Jibu limekuwa tamko: magoma ni marufuku. Matamko yamepita na misimu imepita. Anayemkataza mkulima asichukue fedha ya magoma bila kumpa fedha nyingine anamwambia asimpeleke mtoto shule. Wengine wanasema mkulima ni mzembe. Siwezi kulikubali neno hilo mbele ya watu waliolima ngolo, yaani kilimo cha mashimo, kwenye miteremko mikali vizazi na vizazi bila kuipoteza ardhi yao. Watu hao hawajui uzembe. Wanachokosa ni fedha ya Februari.

Ushirika nao hauna budi kubeba sehemu yake. Wazee wetu walikuwa na chama kikuu chao, NGOMAT, tangu mwaka 1936, kisha vyama vikuu vilifutwa mwaka 1976, vikarudi, na MBICU, chama kikuu cha Mbinga, ikaanguka. Kila anguko lilimfundisha mkulima kwamba fedha ya ushirika inachelewa au haifiki. AMCOS ikichelewesha malipo, inampa mwenye magoma mteja wa mwaka kesho.

5.0 Mafunzo kutoka kwingine

Swali letu la kama kujitawala kunalipa si geni duniani. Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti waliulizwa kama nchi yao ijitenge na Uingereza. Asilimia 55 walikataa. Mjadala ulikuwa wa uchumi: sarafu, pensheni na mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Waliotaka kujitenga walipiga hesabu wakitegemea pipa la takriban dola 110. Kufikia Januari 2015 pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 50. Sisi somo hilo tulishalilipia: Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei ya dunia iliporomoka, na Umatengo nzima ilijua. Mamlaka inayotegemea zao moja inategemea bei inayopangwa na wengine.

Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walijibu kwa namna nyingine. Nyasaland iliingizwa katika Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland mwaka 1953, na watetezi wa Shirikisho walisema fedha za shaba ya Rhodesia Kaskazini zingeiinua. Watu walikataa, Shirikisho likavunjwa mwisho wa 1963, na Malawi ikawa huru Julai 1964. Walichagua heshima, na walikuwa na haki ya kuichagua. Lakini wanaume wao waliendelea kwenda migodini Afrika Kusini kutafuta mshahara, kwa kuwa bendera peke yake haikubadilisha nani anapanga bei ya jasho lao.

Wilaya si nchi, na sitaki kuzilinganisha kupita kiasi. Somo linalotufaa ni hili: mipaka mipya huleta faida pale tu fedha inayozalishwa ndani yake inapoonekana, inapohesabiwa na inaporudi kwa aliyeizalisha.

6.0 Mapendekezo

Kwa heshima napendekeza yafuatayo:

6.1 Halmashauri za Mbinga, Mji wa Mbinga na Nyasa zikubaliane kwa maandishi kwamba ushuru wa kahawa ulipwe mahali lilipo shamba, bila kujali AMCOS iliyoipeleka mnadani.

6.2 Daftari la wakulima lioneshe kijiji na kata ya kila shamba, na AMCOS isipokee kahawa ya mtu inayozidi uwezo wa shamba lake bila maelezo.

6.3 Sehemu ya mikopo ya asilimia 10 itolewe Januari na Februari, wakati wa magoma, badala ya kungoja mwisho wa mwaka wa fedha.

6.4 AMCOS zianzishe mifuko ya akiba inayokatwa wakati wa mauzo na kufunguliwa Januari. Wamatengo wana sengu, kikao cha ukoo cha kula na kushauriana. Akiba ianzie hapo, kwa watu wanaoaminiana.

6.5 Malipo ya awali ya AMCOS yasicheleweshwe. Chama kinachochelewesha kieleze sababu mbele ya wanachama wake.

6.6 Mialo ya Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ipatiwe mizani na mahali pa kukaushia usipa, ili mvuvi auze kwa kilo.

6.7 Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vishirikishwe kukusanya ushuru, na sehemu ya ushuru huo irudi mwaloni.

6.8 Nyasa isitegemee bandari kama chanzo kikuu cha mapato. Ijiandae kupata ushuru wa huduma kutoka kwa kampuni zitakazofanya kazi humo, kwa kuziandikisha tangu siku ya kwanza.

6.9 Matamko ya kupiga marufuku magoma yasitolewe bila fedha mbadala. Narudia 6.3 kwa makusudi: fedha ifike Februari.

6.10 Kila halmashauri isomewe mara moja kwa mwaka kiasi cha mazao yaliyozalishwa ndani yake na kiasi kilicholipiwa ushuru. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo kipimo cha kujitawala kwetu.

7.0 Hitimisho

Kuanzishwa kwa Nyasa kulikuwa sahihi kwa huduma. Kwa uchumi bado hakujalipa, na hakutalipa maadamu kahawa inauzwa ikiwa ua na usipa unauzwa ukiwa majini. Waheshimiwa madiwani wa pande zote mbili za mpaka, pendekezo la 6.1 halihitaji fedha ya wafadhili wala kibali cha Dodoma kuanza kujadiliwa. Linahitaji kikao chenu cha pamoja. Naomba kikao hicho kiitishwe kabla kahawa haijachanua tena.