Tusomeshe Mnasihi Kabla ya Kununua Saruji
Maneno ya mweka hazina katika mkutano mkuu wa wana Isevya tuishio Dar es Salaam



Nimepewa dakika kumi. Mhasibu akipewa dakika kumi watu huanza kutafuta mlango, kwa hiyo mizania mtaisoma wenyewe. Mimi nitazungumzia jambo lililoigawa kamati yetu. Wenzetu wengi wanataka tujenge nyumba ya kuwahudumia vijana wetu walionasa kwenye ulevi na dawa za kulevya. Mimi naomba kwanza tusomeshe wanasihi.

Kila mmoja aliyekaa humu ana mtu anayemfikiria sasa hivi. Mtoto wa dada, mdogo wake, au jirani aliyekuwa fundi mzuri. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishukuru, lakini gongo halingoji kiwanda wala kibali. Bangi ipo. Unga nao umeanza kusikika hata huku kwetu bara.

Watu huniuliza kwa nini tusiwapeleke kwenye methadoni. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na baadaye huduma ikafika mikoa mingine, ikiwemo Dodoma na Mwanza. Ni dawa nzuri na mgonjwa halipi. Lakini ni ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake, na mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, siku baada ya siku. Gongo haiondoi, bangi haiondoi. Mnywaji wa gongo hospitali inaweza kumvusha salama siku za mwanzo. Baada ya hapo ni kazi ya miezi, pengine miaka, na chombo chake kikubwa ni mtu aliyefundishwa kuzungumza na mtu mwenzake.

Mtasema kuzungumza nani asiyejua? Mjomba amemsema, shehe amemsema, padri amemwombea. Hiyo ni kuasa, na ina heshima yake. Unasihi ni kazi nyingine. Nitatoa mfano mmoja ambao ningependa kila mama aondoke nao.

Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatishwa pombe ghafla, anaweza kupata degedege, na anaweza kufa. Sisi tunafanya nini? Tunamfungia chumbani siku tatu “pombe imtoke”. Aliyefundishwa huuliza kwanza: unakunywa kiasi gani, mara ya mwisho lini, umewahi kutetemeka au kuanguka ulipoacha? Majibu yakimtia wasiwasi, anampeleka Kitete siku hiyohiyo. Arosto ya heroini ni tofauti. Inatesa vibaya, lakini yenyewe mara chache huua. Hatari inakuja baadaye: mtu amekaa miezi bila kutumia, mwili umesahau, anarudia kipimo chake cha zamani na kukata roho palepale. Familia inatakiwa kuambiwa hayo siku kijana anaporudi nyumbani, wakati wote wanafurahi na kuchinja kuku.

Mafunzo yenyewe yapo. Upo mtaala wa kimataifa wa UTC, uliotayarishwa chini ya Mpango wa Colombo, ambao makao yake yako Sri Lanka. Mwanafunzi hujifunza dawa zinavyofanya kazi mwilini na kwenye ubongo, namna ya kusikiliza na kuchukua historia ya mgonjwa, kumfuatilia, kumkabili mtu aliyefikia hatua ya kutaka kujiua, na maadili. Baada ya darasa anahitaji kufanya kazi chini ya aliyemtangulia. Wiki moja ya semina na cheti chenye muhuri havimfanyi mtu kuwa mnasihi.

Katika maadili, siri ndiyo ngumu kuliko yote. Isevya ni mahali ambapo ukikaanga samaki, nyumba ya nne wanajua ni sato au dagaa. Kijana akimweleza mnasihi kwamba aliuza cherehani ya mama yake, na jioni habari ikawa kisimani, hatakuja mwingine tena. Ndiyo maana nataka wawili, mwanamke na mwanamume. Wanawake wanaotumia wapo, tunawaficha tu, na hawatafungua mdomo mbele ya kijana wa mtaani.

Mzee mmoja wa kamati aliuliza kama aliyewahi kutumia anaweza kusomeshwa. Anaweza. Zanzibar, ambako nyumba za upataji nafuu zilianza mwaka 2009, watu waliopona ndio wamebeba sehemu kubwa ya kazi. Lakini naye asome kama wengine, maana njia iliyomtoa yeye huenda isimtoe mwenzake.

Sasa fedha. Kwa miaka mitatu nimesaidia kuandika vitabu vya nyumba moja ya namna hiyo huku pwani. Saruji na bati zilipata wafadhili, magodoro yalipata wafadhili, na majina yao yako ukutani. Fungu lililokatwa kila fedha ilipopungua lilikuwa posho ya mnasihi. Aliondoka wa kwanza, akaondoka wa pili. Wakabaki vijana, mpishi na mlinzi wa geti. Jengo lile bado linapendeza.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: ada na nauli za watu wawili, kisha posho yao ya miezi 24 iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, ambayo hata mimi siwezi kuigusa bila sahihi tatu. Waanzie chumba cha kuazima. Jengo tulijadili mwaka wa tatu, tukiwa na watu wa kuingia ndani yake.

Fomu za ahadi anazo katibu, mezani pale mlangoni. Waliokwisha kuahidi mifuko ya saruji naomba tuonane kabla ya chakula. Nitaigeuza kuwa shilingi kwa bei ya leo.