Nyimbo Zilizokatwa

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza juu ya sinema za Kihindi, na hasa juu ya nyimbo zilizokatwa ndani yake.

Juma lililopita nilitembelea darasa moja la Kisarawe. Mzee mmoja, ambaye mwezi huu ameandika jina lake kwa mara ya kwanza, alituimbia wimbo wa Kihindi tangu mwanzo hata mwisho. Alipokuwa kijana alikuwa akipanda lori kwenda Dar es Salaam kuangalia sinema katika jumba la Avalon au la Empress. Nikamwuliza, "Mzee wangu, maneno haya maana yake nini?" Akacheka. "Sijui hata moja, mwalimu. Lakini wimbo ukianza, nilijua kama yule kijana amependa au ameachwa."

Mzee alisema kweli. Katika sinema hizo wimbo si pambo tu. Wimbo ndio unaobeba hadithi. Kwa hiyo watu wengi wa pwani yetu walizipenda, hata wasiojua Kihindi. Huko Mombasa, marehemu Juma Bhalo alipata sifa kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za sinema hizo.

Lakini sinema haiwafikii watazamaji mpaka wakaguzi waiangalie kwanza. Kipande wasichokikubali hukikata. Nitawapa mifano miwili.

Mwaka 1943 Bara Hindi lilikuwa bado chini ya Waingereza. Sinema ya Kismet ilikuwa na wimbo uliowaambia wageni waondoke nchini. Wageni gani? Wimbo uliwataja Wajerumani na Wajapani, ambao Waingereza walikuwa wakipigana nao vitani. Wakaguzi wakaupitisha. Watazamaji wao walielewa kuwa anayeambiwa aondoke ni Mwingereza.

Mwaka 1956, India ikiwa imekwisha kuwa huru, ilitoka sinema ya C.I.D., ambamo walicheza Dev Anand na Waheeda Rehman. Wimbo mmoja ulioimbwa na Geeta Dutt ulikatwa. Husimuliwa kwamba wakaguzi walitilia shaka neno moja la mchezo, lisilo na maana yoyote. Wimbo huo ulibaki katika santuri, na hata leo watu wanausikiliza. Ila ndani ya sinema haumo.

Mnaona? Wimbo wenye maana nzito ulipita, na wimbo wenye neno lisilo na maana ukakatwa. Mkaguzi naye ni msomaji kama sisi. Siku nyingine husoma vizuri, siku nyingine hukosea.

Na kwetu je? Wakati wa ukoloni hapa Tanganyika, wakaguzi waliweza kuruhusu sinema kwa Wazungu na Wahindi, wakamzuia Mwafrika asiione. Baada ya uhuru, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, iliweka bodi ya kukagua filamu. Nyimbo za wasanii wetu nazo hupimwa. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa lilipiga marufuku wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, likisema maneno yake hayana adabu.

Sisemi kwamba ukaguzi wote ni mbaya. Hakuna mzazi anayetaka mtoto wake mdogo aone kila kitu. Lakini kilichokatwa huacha pengo, na pengo hilo mtazamaji halioni. Asiyejua kusoma huambiwa, "Hiki kibaya," naye hana njia ya kuhakikisha. Anayejua kusoma huuliza: Nani amekata? Kwa sheria ipi? Kwa sababu gani? Kisha huitafuta sheria hiyo, akaisoma mwenyewe.

Maneno ya kuandika: mkaguzi, mahadhi, santuri, pengo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini wimbo wa Kismet haukukatwa?
2. Je, mngekuwa wakaguzi, mngekata nini, na mngewaelezaje watu sababu yake?

Andikeni majibu kwa sentensi tatu. Mzee wetu wa Kisarawe ameahidi kuyasoma ya kwake kwa sauti, bila kuimba. Kwaherini, hata juma lijalo.