Taji Halirudishi Kiingilio: Mazungumzo na Wageni wa Mikusanyiko ya Zama za Kati



Tumeombwa tuzungumze nanyi, wasemaji wa Kiswahili mlioweka makazi Erie, Pittsburgh na Lancaster, juu ya jambo ambalo watoto wenu wamekwisha kulisikia shuleni: mikusanyiko ambamo watu wazima huvaa kanzu za sufu, deraya na mataji, wakapiga kambi na kuishi kwa desturi za kabla ya mwaka 1600. Chama kikubwa cha mambo haya ni Society for Creative Anachronism, kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966. Mkusanyiko wake mashuhuri hapa Pennsylvania huitwa Pennsic. Hufanyika wakati wa kiangazi karibu na Slippery Rock, huchukua takriban majuma mawili, na huhudhuriwa na watu wapatao 10,000. Wenyewe hutania kwamba falme mbili zinapigania Pittsburgh, na atakayeshindwa ndiye atakayelazimika kuichukua.

Mzaha huo una utamu wake. Lakini mgeni aliyepotelewa na mtoto katika mji wa mahema hana nafasi ya kucheka. Atatazama huku na huku, atamwona mwenye taji, naye atamkimbilia huyo. Atapokewa kwa heshima, ila atakuwa amepoteza dakika ambazo alizihitaji mno.

Yafaa basi tuelewe mamlaka ya huko yalivyogawanyika. Mfalme hupatikana kwa kushinda mashindano ya panga za henzirani, na kwa kawaida hutawala kwa muda wa miezi sita hivi. Mwenye mshipi mweupe na mkufu ni shujaa aliyetunukiwa daraja kwa ustadi wake wa kupigana. Hawa ni watu wa kuheshimiwa, na mkiona wenzenu wanainama mbele yao, nanyi mkiinama hamtapungukiwa na kitu. Hata hivyo, mshipi haushiki daftari la fedha, wala taji halirudishi kiingilio.

Kazi hufanywa na maofisa wa kujitolea, na wengi wao huvaa mavazi ya kawaida kuliko wote. Mkuu wa tawi huitwa seneshali. Yeye ndiye mwakilishi wa chama kisheria, na malalamiko mazito hupelekwa kwake. Siku ya mkusanyiko wenyewe yupo pia msimamizi wa shughuli, mwenye kujua maji yako wapi na nani analala wapi. Mpiga mbiu hutambulika kwa tarumbeta mbili za dhahabu zilizopishana juu ya kitambaa cha kijani. Huyu hutangaza habari kwa sauti, kwa hiyo mtoto akipotea ni mtu wa kumtafuta mapema. Wasimamizi wa mapigano hubeba alama ya panga mbili za dhahabu zilizopishana juu ya kitambaa cheusi. Mkiwa karibu na uwanja, watiini bila kubishana. Likisikika neno “Hold”, kila mtu husimama pale pale alipo, na watazamaji ni miongoni mwao.

Ofisa ambaye twapenda mgeni amjue kabla ya wote ni shatelini. Kazi yake ni kuwapokea wageni, na matawi mengi humkabidhi sanduku la nguo za kuazima, maarufu kwa jina la Ufunguo wa Dhahabu. Mtu asiwadanganye, basi, kwamba ni lazima mnunue vazi la bei kubwa ndipo mwingie. Chama hutaka jaribio tu la vazi la kale, na nguo hizo za kuazima zatosha. Andikieni tawi mapema, mtaje vimo vya watoto. Mkisha kufika, semeni tu kwamba ninyi ni wageni na mnamtafuta shatelini.

Mlangoni mtakuta meza iitwayo “Troll”, yaani zimwi, kwa mzaha wa neno la Kiingereza la ushuru wa daraja. Zimwi hili halili mtu. Hupokea kiingilio na kuwapa hati ya kutia saini. Hati hiyo huhusu hatari mnazokubali kuzibeba, basi isomeni, au mwombe mwenye kujua Kiingereza awasomee kabla kalamu haijagusa karatasi. Asiye mwanachama hutozwa nyongeza kidogo. Hiyo ni kanuni ya chama, si ulaghai. Lakini mtu akiwadai kiingilio kingine katikati ya kambi, hata awe na joho la namna gani, mwambieni mwende pamoja naye mezani.

Kuhusu shughuli za watoto, kanuni hutaka wawepo watu wazima wawili wasio wa familia moja. Mkikuta mmoja peke yake, mna haki ya kuuliza, na ofisa mwema hatachukia.

Mtu akiumia vibaya au akizimia, pigeni 911 papo hapo, kisha mmtume mmoja wenu mlangoni ili gari la wagonjwa lipate wa kuliongoza. Tangu mnapowasili, andikeni kwenye karatasi jina la barabara na anwani halisi ya uwanja. Majina ya falme na kambi hayamo katika ramani ya mpokea simu. Wapo pia walinzi wa kujitolea waitwao konstebo, ambao husaidia kwa vitu vilivyopotea na ugomvi mdogo, lakini hao si polisi. Wizi na shambulio ni mambo ya polisi, huko kama mjini.

Wafanyabiashara wa sokoni hujitegemea. Kiatu kikipasuka siku ya pili, dai lenu ni kwa aliyewauzia, wala seneshali hawezi kuwalipa kwa niaba yake. Kabla ya kutoa fedha, ulizeni kama bidhaa hurudishwa, kisha mwombe stakabadhi yenye jina lake halisi pamoja na anwani, kwa maana wengi hutumia majina ya kale. Akikataa kuwasikiliza, leteni stakabadhi hiyo kwetu, pamoja na picha ya bidhaa na tarehe mliyoinunua. Kuwasilisha malalamiko hakuna malipo.